Kunguru wa Laini ya Kisaka

Vijana wa minara mmeniomba niandike machache kabla sijasahau mengi. Nilipandishwa cheo lini na nilikuwa napata nini, ofisi inajua, na mke wangu anajua zaidi ya ofisi, hayo nayaacha. Nitaandika habari za kunguru. Katika miaka yangu yote ya laini hakuna aliyenisumbua kama yeye, ukiwatoa wakubwa wa kazi, na wakubwa angalau hawatagi mayai.

Nilizaliwa Nyarero. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa anarudia rudia. Mimi nilitaka kujua mambo upesi, yeye alitaka tuyajue polepole, tukaachana bila ugomvi. Nikaenda Sirari, mpakani, kubeba magunia. Nilipokwisha kujua watu wa upande wa pili wanauza nini na wanatudanganyaje, nikachoka. Nikaingia kwa fundi baiskeli pale Nyamisangura. Baiskeli ni kitu kifupi, ukishaifungua yote hakuna kinachobaki cha kushangaza. Nikachunga ng'ombe wa watu mpaka karibu na pori la Serengeti, kwa sababu tu nilitaka kuona nyumbu wanapita wakielekea wapi. Baba alikuwa akiwaambia watu kwamba alizaa miguu, kichwa kilikuja baadaye.

Siku moja nimerudi Nyamisangura, nikaona mtu amekaa juu ya nguzo ya simu, ameshika chombo sikioni, anacheka peke yake. Nikasimama chini.

"Mzee, shikamoo. Unaongea na nani?"

"Marahaba. Na Musoma."

"Musoma nani?"

"Musoma yote. Sogea, koleo litakuangukia."

Likaanguka kweli. Nilimpandishia kwa kamba, nikamwuliza koleo lina kazi gani, na waya una kazi gani, na sauti inapitaje humo wakati waya hauna tundu. Alijibu maswali machache, yaliyobaki akasema, "Omera, ndugu yangu, njoo kesho uje uone mwenyewe, mimi nina mke nyumbani wa kuniuliza." Ndivyo nilivyoajiriwa. Siku hizi mnajaza mambo kwenye kompyuta na mnasubiri mwaka.

Huyo alikuwa Mzee Ochieng', Mjaluo wa upande wa Shirati, Msabato, msimamizi wa kikosi chetu. Kikosi ni neno kubwa: tulikuwa watu wachache, ngazi moja fupi na gari ambalo lilikubali kupanda vilima likiwa linataka. Alinifundisha vyuma vya kupandia, vile vinavyofungwa miguuni vikiwa na jino la kuingia kwenye mti. Somo lake la kwanza nililirudia kwa kila kijana niliyemfundisha: ukiwa juu, jiegemeze nyuma kwenye mkanda, uiachie nguzo nafasi. Mtu akiogopa huikumbatia nguzo. Akiikumbatia, miguu inasimama wima, jino linang'oka, naye anashuka kwa kifua kama samaki anayeparuliwa magamba. Nilishuka hivyo mara moja. Shati lilibaki juu.

Somo la pili lilikuwa kunguru.

Nyinyi mnamjua kunguru wa majalalani anayeruka ukiinama kuokota jiwe, na watu wanamwita mwoga. Wanaomwita hivyo hawakupanda nguzo mwezi wa kumi. Mvua zikikaribia, yule wa kwetu, mweusi mwenye fulana nyeupe kifuani kama karani wa mahakama, anatafuta mahali parefu pa kujenga. Katika nchi ambayo miti mirefu imekwisha kuwa mkaa, serikali ilikuwa imemsimamishia nguzo zilizonyooka, kila moja ikiwa na mti wa kukingama juu, na vikombe vyeupe vya kushikia waya, na waya mbili za shaba zinazopita. Hakuna mtumishi wa umma aliyepewa nyumba nzuri kuliko yeye.

Shida si nyumba, ni vifaa. Kunguru anapenda vijiti, lakini akipata waya anapenda zaidi. Anaukunja, anausuka, kazi yake inadumu. Tago, yaani kiota chake, likiwa la vijiti tu juu ya waya za simu halina neno. Tago lenye waya ndani, likilowa mvua, linaunganisha waya mbili ambazo hazitakiwi kugusana, na hapo simu inakufa. Jua likitoka inafufuka. Mvua ikirudi inakufa tena. Mkubwa aliyeko mjini haelewi kitu kinachokufa na kufufuka, kwa hiyo anapiga kelele.

Tena kunguru anakumbuka uso. Hili sikusoma popote, lilinipiga kichwani. Ukimharibia tago leo, kesho ukipita chini na nguo za kanisani anakujua. Anakuja kutoka nyuma, kimya, na unachosikia kwanza ni upepo wa bawa, cha pili ni mdomo kwenye utosi. Mzee Ochieng' alikuwa na njia yake ya kupambana na hilo. Laini yote ya kwenda upande wa Serengeti alikuwa ameigawa kwa nyuso. Kila akipata kibarua mpya anafurahi, si kwa ajili ya mikono yake.

"Marwa, panda wewe. Uso wako ni mpya, hawakujui."

"Na wewe, Mzee?"

"Mimi wananijua tangu wako kwenye yai."

Nikapanda. Nikashuka nikiwa najulikana. Kwa njia hiyo aliwatumia vijana mmoja mmoja, na ilipofika zamu yangu kuwa mtu mzima wa kikosi, kulikuwa na vijiji ambavyo sikuweza kwenda kununua sigara bila sufuria kichwani. Sufuria ndiyo ilikuwa kofia yetu rasmi. Kofia za kazi ziliagizwa. Nadhani bado ziko njiani.

Sasa niwaeleze kesi moja tu, maana nikianza kuzieleza zote mtaacha kazi.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Upande wa Kisaka, watu waliokuwa wanakaa mbalimbali, kila mtu na mji wake na zizi lake, walikusanywa wakapangwa kandokando ya barabara kama viti vya mkutano. Baadhi walihama wenyewe. Wengine walisaidiwa kuhama: mgambo walifika, paa likaanza kuwaka, ukawa huna tena sababu ya kubaki. Wa kwanza kuhamia kwa hiari na kwa moyo mmoja walikuwa kunguru. Palipo na watu wengi pana takataka nyingi, na kunguru waliielewa siasa hiyo bila semina.

Kijiji kimoja walikijenga sawasawa chini ya laini yetu. Nguzo ikawa mbele ya ofisi ya kijiji, na ndani ya ofisi ikawekwa simu ya kuzungusha kwa mkono, ya Katibu. Huyu Katibu alikuwa kijana mwenye suti ya kaunda na sauti ya mtu anayehutubia hata akiwa anaomba chumvi. Nilimpenda kidogo, kwa sababu na yeye alikuwa mgeni kama mimi na alikuwa anaogopa. Alitakiwa kupeleka taarifa wilayani kila mara: ekari, mbolea, vyoo. Mvua za kwanza zikanyesha, simu ikafa. Ikafufuka, ikafa. Wilayani wakamwambia kuna hujuma katika kijiji chake, amtafute mhujumu.

Ukimwambia mtu mwenye woga amtafute mhujumu, hakosi kumpata. Alimpata Mzee Wambura.

Mzee Wambura alikuwa Mwikoma, mwindaji wa zamani, mtu mrefu mkavu. Alikuwa ameletwa pale na nyumba yake ya kwanza ikiwa majivu. Mgambo walikuta kwake waya wa simu, na kila mtu alijua kwamba waya mzuri wa kutega wanyama ni huo huo. Mitego yake sikuiona kwa macho yangu. Nyama yake niliila. Katibu alimtuma mtu kwa baiskeli kwenda wilayani kuomba lori lenye askari, nao wakajibu kwamba litafika kesho yake asubuhi. Mzee akiondoka na lori hilo, angerudi lini hakuna aliyejua. Kulikuwa na watu wa vijiji vya jirani walioondoka kwa kosa dogo kuliko hilo na wake zao walikuwa bado wanawawekea chakula.

Sisi tulifika siku moja kabla ya lori, tumetumwa kutengeneza laini. Tukakuta watu wote wako uwanjani mbele ya ofisi. Katibu aliuita mkutano wa hadhara. Wenyewe waliuita ritongo, kikao chao cha tangu zamani cha wazee na watu wote. Mzee Wambura alikuwa amekaa chini katikati. Juu ya nguzo kulikuwa na tago kama kapu la samaki, na kunguru wawili wenye makinda, ambao hawakuwa wamealikwa na hawakufurahi. Kila baada ya muda mmoja alishuka akampitia mtu kichwani. Wanawake walikuwa wamevaa mabeseni. Mwalimu alikuwa amejifunika kwa ubao wa hesabu. Katibu alihutubia akiwa chini ya mwavuli, na hakukuwa na mvua.

"Ndugu wananchi! Simu ya taifa imekatwa!"

"Haijakatwa, Ndugu Katibu," akasema Mzee Ochieng' kutoka nyuma. "Waya uko wote. Ni kunguru. Tazama juu."

Watu wakacheka. Katibu hakucheka.

"Mzee Ochieng', unataka niwaambie wilayani kwamba ndege anaipinga serikali?"

"Sikusema anapinga. Nimesema ametaga."

"Tupe ruhusa tupande, tushushe hilo tago, simu itaita sasa hivi," nikaongeza mimi.

"Hakuna kupanda. Hapo ni mahali pa ushahidi. Mtapanda mhujumu akishaondoka." Akamgeukia mzee. "Wambura, umekutwa na waya wa serikali. Umekutwa au hukukutwa?"

"Nimekutwa."

"Umeutoa wapi?"

"Nimeokota chini ya nguzo. Waliofunga laini walikuwa wanakata vipande na kutupa. Nimefungia paa la nyumba mliyonipa. Mliponileta hapa, ndugu, hamkuniletea kamba."

"Na mitego?"

"Mitego ilikuwa nilipokuwa na mbio. Sasa hata kanga ananikimbia anageuka kunitazama."

Watu wakacheka tena. Katibu akapandisha sauti. "Msicheke! Mimi nasema hivi: mwenye waya ndiye mkataji. Hakuna njia mbili. Waya hauna miguu, hauingii nyumbani kwa mtu wenyewe!"

Mzee Wambura alimtazama mzee mkubwa wa ritongo aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake, kisha akasimama. Kunguru akashuka, mzee hakuinama, ndege akampita sikioni.

"Tata zangu, baba zangu," akasema, "neno la Katibu nimelikubali. Mwenye waya ndiye mkataji. Mimi ninao, nitakwenda na lori. Lakini sitaki kwenda peke yangu, lori ni kubwa. Naomba kiapo cha wazee. Kila mwenye mji hapa aje mbele, aape kwamba kwake hakuna waya wa simu. Atakayeapa abaki. Atakayeshindwa tupande wote."

Kiapo chenyewe siwaelezi. Si changu kukieleza. Niseme tu kwamba watu wa kule waliweza kumdanganya padri, hakimu na bwana shamba katika siku moja na wakalala vizuri, lakini kiapo hicho hakuna aliyekichezea. Walisema kinamfuata mwongo mpaka kwa wajukuu na mifugo. Katibu alifungua mdomo kusema kwamba mambo ya kiapo ni ya kizamani. Mzee mkubwa akamkata. "Ndivyo ilivyo kwetu. Ameomba, apewe. Nani aanze?"

Ndugu zangu, hapo kila mtu akapata shughuli nyingine.

Mama Robhi, aliyekuwa akiuza togwa, alianza kushusha mikono ya gauni lake polepole, na bangili zake za shaba zikapotea moja moja. Katekista alikumbuka kwamba kengele ya kanisa, ile rimu ya gari wanayoigonga, imening'inia kwa kitu fulani, akaanza kutazama viatu. Mwalimu alijificha zaidi nyuma ya hesabu zake. Goli la uwanja wa shule lilikuwa na nguzo tatu zilizofungwa kwa ustadi. Mtu mmoja alisema anasikia ng'ombe wake wanamwita. Kisha macho ya watu wote, bila kuambiana, yalikwenda kando ya ofisi, kwenye nyumba ya Katibu. Kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo pale, ndefu, nyekundu ya shaba, inang'aa kwa jua. Suruali ya kaunda ya pili ilikuwa inapepea juu yake.

"Mzee, basi anza wewe uliye mkubwa," mtu akamwambia mzee wa ritongo.

Mzee mkubwa aliinuka nusu, akakitazama kigoda chake. Mguu mmoja ulikuwa umepasuka zamani, ukaungwa. Akakaa tena upesi kuufunika.

"Jua limekuwa kali," akasema. "Kiapo hakiliwi jua likiwa hivi."

"Na mafundi je?" akauliza Mzee Wambura, anatutazama sisi. Hakuwa na haraka hata kidogo. "Wao ndio wenye waya."

Mzee Ochieng' alikuwa amefunga buti zake kwa waya tangu nilipomjua. Mfuko wake ulikuwa na vipande vya kubadilishana na maziwa njia nzima, kama mafundi wote wa laini tangu laini ziwepo. Alivua kofia. "Mimi ni Msabato," akasema. "Dini yangu hairuhusu kuapa." Nilifanya naye kazi miaka mingi na sikuwahi kumwona ameipenda dini yake kwa namna ile, hata siku ya Sabato.

Katibu alikuwa ameuteremsha mwavuli. Alitazama suruali yake ikipepea. Alitazama watu, na watu walikuwa wanamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza tangu kijiji kianzishwe kilikuwa na umoja wa kweli. Kisha akatazama juu. Kunguru mmoja alikuwa amesimama kwenye kikombe cheupe, kifua mbele.

"Ndugu wananchi," akasema, na sauti ya hotuba ikamrudia pole pole, "mtaalamu wetu hapa, Ndugu Ochieng', ametueleza jambo zito. Kwamba hujuma hii imefanywa na kunguru."

"Kweli!" watu wakajibu.

"Kunguru hawa wamejenga juu ya mali ya umma bila kibali cha serikali ya kijiji."

"Kweli kabisa!"

"Wanaounga mkono waondolewe, wanyoshe mikono."

Mikono yote ikanyoshwa, isipokuwa wa Mama Robhi, ambaye bangili zingemwangukia begani. Sijaona shauri lililopita haraka kama lile, na washtakiwa ndio pekee waliokuwa na hatia waliyokuwa wanaikiri kwa kelele. Tulilosema asubuhi tukachekwa, mchana limekuwa azimio. Ukweli ulikuwa ule ule. Tofauti ni kwamba sasa ulikuwa na manufaa.

"Panda, Marwa," akasema Mzee Ochieng'.

"Hapa wananijua, Mzee. Nilishapanda mwaka jana."

"Ndiyo. Sina uso mwingine."

Nilipanda na sufuria. Sitaki kueleza sana. Walinipiga mgongo, shingo na mkono ulioshika koleo, na mmoja aligonga sufuria mpaka masikio yakawa yanaimba. Niliegemea mkanda, nikakata tago kutoka kwenye waya, nikalishusha kwa kamba na makinda ndani yake. Liliposhika ardhi watu walisogea kuliangalia. Lilikuwa zuri. Kulikuwa na waya wa kila aina: uliokunjwa kwa koleo, uliopindwa kwa meno, uliofungwa mafundo ya wanawake, na kipande kirefu chenye kibanio cha nguo. Niliwatazama kutoka juu. Hakuna aliyesema kipande fulani ni chake.

"Hao watoto watupwe porini kwao," Katibu akaamuru.

Mzee Wambura alikuwa bado amesimama katikati. Hakuna aliyemwambia yuko huru, kwa hiyo hakuwa ameondoka. "Ndugu Katibu," akasema, "mimi pia nilitoka huko porini. Uliniambia hakukaliki."

Katibu aliingia ofisini, tukasikia mkono wa simu unazungushwa. Nikiwa bado juu nikapima laini: iko hai, safi. Siku zile simu ilikuwa ya kupigiwa kelele, kwa hiyo kijiji kizima kilisikia upande wake.

"Haloo, wilayani! Wahujumu tumewapata! ... Ndiyo, mkuu. Familia nzima! ... Hapana, si wenyeji. Walihamia! ... Majina hawana, mkuu! ... Wametoroka, mkuu, wameelekea angani— hewani— nasema wamekwenda! ... Ndiyo. Lori lisije. Nasema lori LISIJE!"

Mke wa Mzee Wambura alikuwa amekaa peke yake ukingoni mwa uwanja tangu tulipofika, na kifurushi cha nguo za mumewe mapajani. Aliposikia neno hilo alikifungua kifurushi, akatoa shuka, akajifunika usoni, mabega yakawa yanatikisika. Sikujua analia au anacheka, na ndicho kitu kimoja ambacho sikuuliza.

Mzee Wambura alichukua kapu lake la kubebea viazi, akaliweka tago ndani na makinda yake, akaelekea kwenye mgunga nyuma ya nyumba yake. Kunguru wale wawili walimfuata juu wakipiga kelele, lakini yeye hawakumgusa, wakampiga Katibu aliyekuwa anatoka ofisini, na mwalimu, na mimi niliyekuwa nashuka. Aliliinua kapu kwenye tawi, akaona halikai. Akageuka, akaniita mbele ya watu wote, mgambo wakiwepo, Katibu akiwepo, ameshika utosi.

"Mura, kijana! Una kipande cha waya? Kapu linataka kufungwa."

Mimi nikamtazama Mzee Ochieng'. Mzee Ochieng' alimtazama Katibu. Katibu akageuka kuelekea nyumbani kwake na kuanza kuanua nguo.

"Mpe," akasema Mzee Ochieng'. "Tena mpe mrefu."